Kwanza Pita Nyuma ya Nyumba

Wanangu, ninyi mnaoanza kazi ya kuzalisha katika vituo vya Masisi na Walikale, Mungu awape amani, na magoti yenu yawe na nguvu kuliko yangu. Mmeniomba niwaandikie habari za dalili za hatari kwa mama aliyetoka kuzaa. Vitabu vyenu vinazo zote, zimepangwa vizuri kwa safu, na nina hakika mnazijua kuliko nilivyozijua mimi nikiwa na umri wenu. Sitazirudia kama kasuku. Nitawaeleza kitu ambacho kitabu changu hakikuwa nacho, yaani mahali pa kusimama ili uzione dalili hizo.

Mahali penyewe ni nyuma ya nyumba, kwenye ua wa kuanikia nguo.

Msicheke bado. Tangu Kirolirwe mpaka Kalembe watu wananiita Papa Bitambaa. Mke wangu hakulipenda jina hilo hata siku moja. Alisema mwanamume mzima, mzee wa kanisa, anayesimama mbele ya watu Jumapili kuongoza sala, hawezi kuitwa kwa jina la matambara. Lakini jina ni kama tope la Masisi. Likishika kiatu chako, utafika nalo unakokwenda. Nami namshukuru Mungu kwa jina hilo, kwa sababu nililipata kwa kosa, na kosa lile nusura limuue mtu.

Nilikuwa na diploma mpya. Nilikuwa na blouse nyeupe ya uuguzi iliyopigwa pasi, na viatu vyeusi ambavyo nilivifuta kwa majani kila baada ya hatua ishirini. Nilipangiwa kituo kidogo cha afya karibu na Kirolirwe, kule kwenye malisho ya ng'ombe, ambako mvua inanyesha mpaka ng'ombe wenyewe wanachoka. Maternite yetu, yaani wodi ya wazazi, ilikuwa na vitanda vinne, na mwanamke mmoja wa kusafisha aliyeitwa Mama Riziki. Kabla maternite haijajengwa, yeye ndiye aliyekuwa akizalisha wanawake wa vilima vile. Nilipofika na karatasi yangu yenye mhuri, alipewa ufagio. Hakulalamika. Lakini hakuwahi kuniita kwa jina langu. Aliniita Diplome.

"Diplome, kuya kula." "Diplome, mutoto anakuja, acha kuandika." Hivyo tu, mchana kutwa.

Siku moja asubuhi msichana aitwaye Mapendo, mke wa Bauma, alijifungua. Mtoto alikuwa mzaliwa wake wa kwanza, wa kike, mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya. Kuzaa kulikwenda vizuri. Kondo la nyuma lilitoka lote, nililigeuza na kulikagua kama nilivyofundishwa. Kesho yake, jua halijapanda, familia ikaja kumchukua. Wazazi wa Mapendo walikuwa njiani kuja kumwona mtoto, na kule kwetu haipendezi watu wa upande wa mke wamkute binti yao amelala kwenye kitanda cha serikali kana kwamba nyumba yake haina godoro. Niliwakubalia. Nikasema nitapita mchana kumtazama.

Nilipita kama saa saba. Wanangu, nyumba ile ilikuwa imependeza! Kiwanja kilikuwa kimefagiwa na kunyunyiziwa maji, mikeka imetandikwa, wageni wamekaa kwa mistari, wazee mbele. Mama mkwe wake Mapendo, jina lake Mama Sifa, alinipokea mlangoni kama askofu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono ya kufua, na sifa yake kilima kizima ilikuwa moja: usafi.

Mapendo alikuwa chumbani amelala, amefunikwa kikwembe kipya, na kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri. Chumba kilinukia sabuni.

"Mapendo, unajisikia namna gani?"

"Niko muzuri, Munganga."

"Na damu? Inatoka namna gani?"

Akatazama ukuta. Mama Sifa akajibu kwa niaba yake.

"Inatoka kama ya banamuke bote. Angalia shuka mwenyewe, Munganga, usione haya. Buchafu hailalaka mu nyumba yangu."

Akafunua blanketi kwa fahari kama mtu anayefungua sanduku la harusi. Shuka ilikuwa nyeupe. Kitambaa kilikuwa safi. Nilitaka kushika tumbo, lakini chumba kilijaa mashangazi wa upande wa mke, nami nilikuwa kijana, mwanamume, na shuka ilikuwa nyeupe. Nikagusa paji la uso, hakuna homa. Nikahesabu mapigo ya moyo kwa nusu dakika. Yalikuwa ya haraka kidogo. Nikajiambia ni msisimko wa wageni.

Kisha nikatoka nje, nikapewa maziwa ya kuganda na kipande cha fromage, jibini ya kwetu, kikubwa kama mche wa sabuni. Wakaniomba niombee mtoto. Nikaomba, tena sala ndefu na nzuri, mpaka mzee mmoja akasema "Amina" mara mbili kunikumbusha kwamba chakula kinapoa. Nilibariki nyumba ambayo, nyuma ya mlango wake, mtu alikuwa akiishiwa na damu. Kwenye daftari langu nikaandika: mama na mtoto ni wazima.

Nilipofika kituoni Mama Riziki alikuwa anapangusa sakafu.

"Diplome, umerudi? Pangusa kwanza mudomo, iko na maziwa."

Nikapangusa.

"Mapendo iko namna gani?"

"Iko muzuri, Mama. Shuka safi, kitambaa safi. Ile nyumba iko kama kanisa siku ya Paska."

"Na kitambaa ya buchafu, uliona ngapi?"

"Hakuna hata moja."

"Hata moja?"

"Hata moja, Mama."

Akaegemea fimbo ya kitambaa chake cha kupangusia, akacheka mpaka pengo lake likaonekana. "Mwanamuke amezaa jana, na leo hakuna kitambaa ya damu mu nyumba yake. Diplome, ulienda kuangalia mama ao ulienda kuangalia malaika?"

Nikacheka pamoja naye. Nilipoinua macho nikaona yeye ameshaacha kucheka. Alikuwa anakausha mikono kwenye kikwembe chake.

"Beba sanduku yako. Na ile sindano ya kukaza tumbo ya uzazi. Twende."

"Lakini nimetoka kule sasa hivi!"

"Ulitoka ku salon, kwa bageni. Kule kwenyewe haujafika."

Njiani alitembea mbele, haraka, bila kugeuka, nami nikimfuata na viatu vyangu. Akaniambia mambo ambayo shuleni hakuna aliyeniambia. Alisema, siku wakwe wanapokuja, mwanamke kama Mama Sifa hangoji kitambaa kipoe. Kikitoka tu, anakimbia nacho mtoni, kwa sababu mgeni akiona damu atakwenda kusema kwao kwamba binti yao ameolewa kwa watu wachafu. Na Mapendo, uzazi wake wa kwanza, mbele ya wazazi wake na wa mume, angemeza ulimi wake kuliko kusema amechoka. "Na wewe uko mwanaume," akaongeza. "Njo maana mimi siulizaka. Mimi ninapitaka nyuma."

Tukapita nyuma. Tuliwakwepa wageni, tukazunguka zizi la ndama, na pale nikaona. Juu ya ua wa miti, juu ya rundo la kuni, juu ya mlango wa zizi, vilikuwa vimeanikwa vitambaa vya vikwembe vya zamani, vimefuliwa vikang'aa. Vyote vilikuwa vibichi bado. Kwenye pembe zake yalidondoka maji yenye rangi ya chai hafifu.

"Hesabu, Diplome. Wewe umesoma."

Nikahesabu. Sauti yangu ilipungua kadiri nilivyoendelea. "Kumi na ine."

Mama Sifa akatokea kutoka mtoni na besani mkononi, na ndani yake vingine viwili. "Heee! Mama Riziki! Mbona munapita nyuma ya nyumba kama bezi?"

"Mama Sifa, hii yote ni tangu jana?"

"Tangu jana? Unanitukana? Ya jana nilishakunja. Hii ni ya leo tu, tangu saa ine." Alisema hivyo kwa kujivuna, maskini. Alidhani tumekuja kumsifu. "Na bado ninafua. Ile damu ya buchafu inafaa itoke yote, ikibaki itamuharibia tumbo."

Mama Riziki hakupiga kelele. Hilo nawaomba mlishike. Alisema polepole, kama mtu anayeomba chumvi: "Weka besani chini, mama. Usifue tena hata moja."

"Na bageni?"

"Bageni batangoja."

Ndani nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya mapema. Niliwaomba wote watoke, mashangazi na marashi yao, tukabaki watatu na mtoto. Mapendo alikuwa anapiga miayo. Akasema, "Niko muzuri, ni usingizi tu. Munipe maji." Akanywa. Akaomba tena. Niliingiza mkono chini ya blanketi nikashika miguu yake, ilikuwa ya baridi kama mawe ya mtoni. Nikafunua kope la chini la jicho, ndani palikuwa peupe. Sasa nikahesabu moyo kwa dakika nzima, na haukuwa msisimko wa wageni. Ulikuwa unakimbia.

Hapa naomba mweke kalamu chini mnisikilize. Mama anayepiga miayo mchana, anayeomba maji kila mara, ambaye miguu yake ni baridi chini ya blanketi mbili, hana usingizi. Anaondoka. Anaondoka polepole, kwa adabu, akikwambia yuko vizuri. Damu inayomwagika kwa kishindo kila mtu anaiona. Inayotoka kidogo kidogo, kitambaa baada ya kitambaa, ndiyo hatari yake kubwa, kwa kuwa kila kitambaa kinasema "ni mimi mmoja tu."

Nikashika tumbo. Siku ya pili tumbo la uzazi linapaswa kuwa gumu chini ya kiganja, kama ngumi, na liwe limeshuka kidogo chini ya kitovu. La Mapendo lilikuwa juu ya kitovu, limesukumwa upande, laini kama bugali ambao maji yamezidi.

"Alikojoa lini?" Mama Riziki akauliza.

Mapendo akafumba macho. "Jana usiku," akasema.

"Jana! Juu ya nini haukukojoa tena?"

"Bababa bamekaa mu njia."

Ilikuwa hivyo tu. Njia ya choo ilipita mbele ya mikeka, na juu ya mikeka walikaa baba mkwe wake, baba yake na wajomba. Mke mzazi hapiti mbele ya baba mkwe wake kwenda chooni. Basi tangu aletwe nyumbani alfajiri aliubana mkojo, kibofu kikajaa kama kibuyu, kikasukuma tumbo la uzazi juu na kulizuia lisikaze. Shuleni nilikuwa nimejifunza jambo hilo, hata swali lake kwenye mtihani nililijibu vizuri. Sikuwa nimejifunza kwamba mikeka inaweza kuwekwa mahali pabaya.

Tulileta besani. Mama Riziki akamshikilia, akimnong'oneza maneno ya kumchekesha, na mkojo ukatoka mwingi. Nikasugua tumbo kwa duara mpaka nikalisikia likijikusanya chini ya mkono wangu, na mabonge ya damu yakatoka, makubwa. Nikapiga sindano. Mama Riziki akaweka mtoto kwenye ziwa, na yule mwanakwaya akanyonya kwa bidii kama anayejua sababu. Tumbo likakaza. Damu ikapungua. Lakini iliyokwisha kutoka haikurudi, na midomo ya Mapendo ilikuwa na rangi ya majivu. Alihitaji damu, na damu ilikuwa hospitali, chini kabisa ya barabara.

Wageni waliokuja kula ndio waliobeba. Baba mzazi na baba mkwe walishika vipini vya mbele vya kipoyi, machela yetu ya miti, wakiwa na koti zao za Jumapili, na wajomba nyuma. Bauma alikimbia mbele mpaka barabarani, akasimama katikati ya njia na mikono juu, akalisimamisha lori la maziwa lililokuwa linateremka na mabidoni, yale madumu makubwa. Tukampakia Mapendo kati ya mabidoni, nami nikakaa na mkono wangu juu ya tumbo lake njia nzima, kila likilegea nalisugua. Kila shimo dereva alipiga kelele, "Pole, pole sana!" Mpaka leo sijui alikuwa anampa pole mgonjwa au maziwa.

Niliomba ndani ya lori lile. Sala yangu ya pili siku hiyo ilikuwa fupi kuliko ile ya kwanza. Nilisema, "Bwana, kosa ni langu, usimlipishe huyu." Hakuna aliyesema Amina mara mbili.

Hospitali walitafuta damu. Ya Bauma haikulingana. Ya baba yake Mapendo haikulingana. Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu, "Mie niko hapa. Mupime yangu." Alikuwa Mama Sifa. Alikuwa amepanda lori bila mtu kumwona, na kwapani bado alikuwa na besani lake. Walipima. Ikalingana.

Nilikaa karibu naye wakati mfuko unajaa. Kisha akasema, "Munganga, asubuhi yote nilikuwa ninafua, ninamwanga mu muto. Kumbe nilikuwa ninamwanga uzima ya ule mutoto."

Mimi nilikuwa nimekunywa maziwa.

Mapendo alipona. Alirudi nyumbani na mtoto wake mgongoni, mwembamba lakini anacheka, na alizaa wengine baada ya yule. Mama Sifa ndiye hakurudi kuwa yule wa kwanza. Alikwenda nyumba kwa nyumba akitangaza kwamba kitambaa cha mama mzazi hakifuliwi kabla munganga hajakiona na kukihesabu. Mara ya kwanza nilipokwenda kumtazama mzazi mwingine jirani yake, alikuwa amesimama mlangoni, na mbele ya wakwe wote, wanaume kwa wanawake, akaita kwa sauti ya kufikia bonde la pili: "Papa Bitambaa amefika! Kuya, Papa, tumekuwekea!" Hapo jina likanishika.

Msidhani vitambaa vinasema yote. Kule upande wa Walikale, barabara ya msituni, niliitwa kwa mama mmoja wa kanisani aliyekuwa na siku nne tangu azae. Vitambaa vyake vilikuwa vichache na vizuri. Lakini nilikuta wanawake wa sala wamemzunguka wanaimba, kwa kuwa alisema kichwa kinamuuma na anaona nuru zinametameta pembeni ya macho. Walisema ni maono. Mimi ni mtu wa imani, naamini Mungu anaweza kumwonyesha mtumishi wake chochote, siku yoyote. Nikasema, "Wamama, maono ingoje dakika mbili, nipime kwanza tension." Presha ilikuwa juu, juu sana, na uso na mikono yake imevimba. Kiongozi wao akanikasirikia, "Papa, unazuia Roho?" Nikamjibu, "Hapana, mama. Ninamutafutia Roho mahali pa kukaa. Huyu mama akianguka kifafa, hayo maono ataonea wapi?" Tulimpa dawa, tukampeleka kwa moto, yaani pikipiki, mpaka hospitali, nesi nyuma yake akimshikilia. Yule kiongozi baadaye akawa ndiye wa kwanza kuwaita wauguzi kila mzazi aliposema kichwa kinamuuma. Kwa hiyo mkumbuke: hatari ya kifafa cha mimba haiishi mtoto anapotoka. Pima kesho, pima na siku zinazofuata.

Na Rubaya, kule milima ya madini ya coltan, nilimkuta mama amerudi kubeba mizigo wiki moja tu baada ya kuzaa. Mguu mmoja ulikuwa umevimba, mmoja tu, una joto, na jirani yake alikuwa anaukanda kwa mafuta kwa nguvu zote za kilima. Nikamsihi aache. Mguu mmoja unaovimba usiukande, unaweza kuisukuma damu iliyoganda mpaka kwenye mapafu. Wachimbaji wanne wakambeba kwenye kipoyi, wakishindana nani atateleza kwanza, kwani wao wamezoea magunia yasiyosema "polepole." Huyu alisema njia nzima.

Kosa langu jingine ni homa. Kwetu kila homa inaitwa malaria, hata ya mbuzi. Nilimpa mama mwenye siku sita tangu azae dawa ya malaria bila kuuliza juu ya harufu ya damu yake. Siku iliyofuata Mama Riziki alisimama tu mlangoni mwa chumba, akavuta pumzi mara moja, akanitazama. "Diplome, pua yako ulipewa ya kubebea miwani?" Tumbo la uzazi lilikuwa limeoza ndani. Tuliwahi, Mungu ashukuriwe, lakini siku moja nzima nilikuwa nimeipoteza mimi. Pima malaria, ndiyo. Kisha gusa tumbo, na uvute pumzi.

Siku hizi mna vitu vizuri. Mna simu, mna moto zinazofika mpaka mlangoni, mna dawa ambazo sisi tulizisikia tu. Juzi kijana mmoja baba alimtumia muuguzi picha ya ua wake wenye vitambaa vimeanikwa, akaandika, "Hii ni mingi ao ni ya kawaida?" Niliposimuliwa nilicheka mpaka miwani ikaanguka. Wakati wetu baba hakujua hata ua uko upande gani. Lakini kuna mahali ambako nyuma ya nyumba hakuna. Katika kambi za waliokimbia, mabashi, yaani maturubai, yamebanana, mtu anaanika juu ya bashi la jirani, na vitambaa vyenyewe ni vya kuazima. Huko mimi nilikuwa siulizi "damu ni nyingi?" kwa sababu jibu ni lile lile, "niko muzuri." Niliuliza, "Tangu sala ya asubuhi umebadilisha mara ngapi?" Hilo mtu anaweza kulijibu bila aibu. Kitambaa kikilowa chote kabla ya saa moja kwisha, na cha pili kikafuata, usingoje cha tatu.

Mama Riziki alikwisha kutangulia mbele za Mungu. Tulimzika kwenye kilima chake, na waliokuja ni wale aliowapokea duniani kwa mikono yake, kwa hiyo njia haikutosha. Hakuniita kwa jina langu mpaka mwisho. Mara moja tu, alipokuwa mgonjwa, aliniambia, "Diplome, umekuwa mutu." Nimepewa vyeti vingi. Hicho ndicho nilichokitunza.

Basi niwaambie la mwezi uliopita, kisha nikapumzike. Mke wa mjukuu wangu alizaa huko Kalembe. Nilikwenda kumwona mtoto. Nikakalishwa kwenye kiti kizuri, mbele, kama wazee wote, nikapewa chai na maharage na mihogo. Mtoto wakaniletea, nikambariki. Nilitaka kuuliza juu ya mama yake, lakini wanangu, mimi pale sikuwa munganga. Nilikuwa babu wa mume. Nilikuwa mmoja wa wale waliokaa juu ya mikeka, katika njia ya choo. Shangazi akasema, "Iko muzuri, Papa, amelala." Amelala, saa nane ya mchana. Nikavuta kiti changu nikakitoa katika njia ile, nikasema jua linanichoma. Kulikuwa na mawingu.

Ndipo akaja msichana mmoja na blouse nyeupe na begi mgongoni, viatu vimejaa tope, hakuvifuta. Sikuwa nimewahi kumwona. Akawasalimu wageni wote kwa heshima, "Muko muzuri, bapapa, bamama," akaonyeshwa kiti, akaonyeshwa sahani. Hakukaa. Alipita kando ya nyumba, moja kwa moja, akaenda nyuma.

Niliweka kikombe chini. Niliomba bila kufumba macho.

Akarudi, akaingia ndani, akakaa huko muda mrefu kuliko nilivyopenda. Alipotoka alikuwa ananawa mikono. Nikamwita, "Binti, kule nyuma umeona ngapi?"

Akanitazama, akishangaa kidogo mzee wa namna hii anajua nini. "Tatu tu, Papa. Na tumbo iko nguvu kama jiwe. Amelala kweli."

"Nani alikufundisha kupita nyuma?"

Alifikiri. Akainua mabega, akavaa begi lake, kwa maana alikuwa na nyumba nyingine ya kufika kabla ya mvua. "Hakuna mutu, Papa. Siye bote njo vile tunafanyaka."

Chai yangu ilikuwa imepoa. Niliinywa yote.